Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu CNC ya mbao, majibu kutoka barazani Tabora

Mwangaluka wote. Nimeandika hii baada ya kuchoka kurudia maneno, maana kila anayepita hapa Isevya akisikia mashine inalia lazima aingie aulize, na maswali ni yaleyale. Mi sio injinia na sio seremala wa kusomea, nina kazi yangu nyingine ya mshahara, CNC naichezea jioni na wikiendi barazani kwangu. Ukiona jibu linakupeleka swali jingine ujue sitaki kujirudia. Na niseme mapema kabisa, shida nyingi ambazo watu wanaisingizia kompyuta chanzo chake ni mbao mbichi au mbao ambayo haijashikwa vizuri, utaona mwenyewe huko chini.

## Kabla hujatoa hela

1. CNC ni nini hasa, na ina tofauti gani na ruta ya mkono?

Ni ruta ileile unayoijua, ile mafundi wanayopigia mfereji na urembo wa kingo za meza, ila hii haishikwi kwa mkono, inabebwa na fremu yenye mota: X inapeleka kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini. Kompyuta inazisomea mistari inaitwa G-kodi (haihusiani na kodi ya nyumba), mfano G1 X50 Y20 F800, maana yake nenda mstari ulionyooka mpaka X 50 na Y 20 kwa mwendo wa milimita 800 kwa dakika. Basi, hakuna uchawi.

Ila mashine ni kipofu. Haioni mbao, haijui kuna klempu mbele yake, haijui mbao imeshahama. Ruta ya mkono ikigoma unaisikia unarudisha mkono, hii inaenda tu mpaka kitu kivunjike.

2. Ile ndogo ya 3018 inatosha? Nataka kuchonga mninga.

Inatosha kujifunzia, na mninga inachonga, ila kwa uvumilivu. 3018 maana yake eneo la kazi ni mm 300 kwa 180, na ile mota yake ndogo ya 775 haina ubavu, kwahiyo unakula nusu milimita kila pita, unaenda taratibu, unakunywa chai. Vibao vya majina, trei ndogo, urembo wa boksi la asali, hivyo vinatoka vizuri. Meza na milango sahau.

Mimi nilianza nayo na sijutii, kwa sababu niliharibu mbao za bei ndogo kwa mashine ya bei ndogo.

3. Nikitaka kubwa kidogo niangalie nini?

Ugumu wa fremu kwanza, ukubwa baadaye. Shika pale biti (ile ncha ya kukatia) inapokaa, sukuma kwa kidole gumba, ikicheza mpaka unaona kwa macho achana nayo hata iwe na rangi nzuri kiasi gani. Skrubu ndefu za kuzungusha ni bora kuliko belti kwa mbao ngumu, na skrubu zenye gololi ndani ni bora zaidi ila bei inapanda. Sehemu ya kubebea ruta yenye kipenyo cha mm 65 ni nzuri kwa sababu unaweka ruta ndogo ya mkono ya wati 710 inayopatikana madukani, ikifa unanunua nyingine siku hiyohiyo, tofauti na spindo (mota maalumu ya kuzungusha biti) ya kuagiza ambayo ikifa unakaa miezi. Spindo ya maji ya kilowati 1.5 au 2.2 ni tulivu sana, majirani watakupenda, lakini inataka kiendeshi chake, pampu, ndoo ya maji na akili ya umeme. Kwa hobi mi nasema anza na ruta.

4. Niagize nje au nitafute Dar?

Vyote vinawezekana. Ukiagiza, piga hesabu ya mzigo kufika Tabora mlangoni, sio bei ya kwenye picha: kuna usafiri, ushuru, VAT 18%, wakala, halafu basi kutoka Dar. Mwambie muuzaji akuandikie volti kabisa, maana kuna mashine zinatengenezwa kwa soko la Marekani za volti 110 au 120 na sisi soketi zetu ni 230. Kuna jamaa yangu alichomeka ruta ya namna hiyo, ililia kwa sauti nzuri ajabu kama sekunde nne, halafu moshi.

Ukinunua kwa mtu hapa nchini, usilipe mpaka uione inachonga mduara na mraba mbele yako, na upime. Kwa nini mduara, nenda swali la 19.

5. Lazima niwe na kompyuta kali? Na softwea mpaka ninunue?

Laptopu ya zamani inatosha kuendesha mashine, kwa sababu kazi nzito ya kuhesabu hatua inafanywa na bodi ya mashine yenyewe, nyingi za hobi zina GRBL, programu ndogo ya kuendesha mota, ambayo inakaa hata kwenye Arduino, kibodi kidogo cha elektroniki. Kompyuta inatuma mistari tu. Kuchora ndo kunataka nguvu kidogo.

Za bure zipo: Inkscape kwa michoro bapa na maandishi, FreeCAD kwa vitu vya vipimo, Universal Gcode Sender au Candle kwa kutuma. Zinaendeshwa bila bando ukishazidaunilodi, na kwetu hilo ni jambo kubwa. Usitafute za kuibia, unapata virusi ndani ya laptopu hiyohiyo inayoendesha biti ya mizunguko 20,000.

## Mbao

6. Nianze na mbao gani?

Paini. Zile za mashambani kama Sao Hill zinafika mpaka huku, ni laini, bei nafuu, ukiharibu hulii. Tatizo lake vifundo na utomvu, na nyuzi zake zinachanika juu. MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) inachongeka kama siagi ila vumbi lake ni baya (swali la 21) na ikinusa maji inavimba kama andazi.

Mninga ndo raha yenyewe. Sio ngumu kupita kiasi, haichezi sana ikikauka, rangi inajiuza. Mkora ni mzito zaidi, punguza kina. Mpingo acha kwanza, ule ukiutupa majini unazama, fikiria biti ya mm 3 inavyopata tabu.

7. Nimechonga kibao kimetoka safi, baada ya wiki kimepinda kama ulimi. Mashine imekosea?

Mashine haijakosea. Mbao ilikuwa mbichi. Hili swali naulizwa kuliko yote na jibu lake watu hawalipendi.

Mbao ikiwa na maji ndani, ukichonga upande mmoja umefungua huo upande ukauke haraka kuliko wa pili, na mbao inavyokauka inasinyaa kwa upana wa nyuzi, sio kwa urefu, basi inajikunja. Mi nilimchongea shemeji yangu kibao cha mlango cha mninga niliouchukua umetoka kuchanwa, harufu bado ipo, nikajiaminisha kwamba jua la Septemba litakausha lenyewe. Kilipinda, halafu mvua za Novemba zilipoingia kikapindukia upande wa pili. Bado kipo ukutani kwake, anakataa kukitoa, anasema ni ukumbusho.

Kipima unyevu ni kitu kizuri lakini bila hicho unaweza kupima hivi: kata kipande kidogo katikati ya mbao, sio mwishoni maana mwisho hukauka mapema, kipime kwenye mizani ndogo ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kama nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka, pima tena. Toa uzito mkavu kwenye ule wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu. Kilikuwa gramu 118 kikawa 100, hiyo ni asilimia 18, bado. Kwa vitu vya ndani mi nataka asilimia 10 mpaka 12. Kama huna oveni weka alama ubao mzima, upime kila wiki pale dukani kwa muuza mchele, uzito ukigoma kushuka wiki mbili tatu mfululizo ndo uchonge.

Zipange kivulini, uweke vijiti kati ya mbao na mbao hewa ipite, uzito juu. Juani zinapasuka. Na kama kazi ni ya kina kirefu, chonga upande mmoja karibu kumaliza, iache siku mbili, ndo umalizie pita ya mwisho.

8. Naweza kununua mninga kwa mtu yeyote tu?

Nunua penye risiti. Mbao za misitu ya asili zina utaratibu wake wa TFS (wakala wa misitu wa serikali) na kibali cha kusafirishia, kile watu wanakiita TP. Mkoa wetu una miombo mingi, ila ubao wa bei ya kutupa unaouziwa usiku una stori yake.

## Kushika mbao na kuweka sifuri

9. Nishikeje mbao isihame?

Hapa ndo penyewe. Kama kazi yako imetoka na mstari umehama ghafla kama ngazi, kabla hujalaumu softwea shika mbao kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza umepata mwizi.

Klempu ni nzuri kwa mbao nene, ila hakikisha zimekaa nje ya njia ya biti na usisahau kwamba biti inapohama toka sehemu moja kwenda nyingine inapita hewani kwa kimo ulichokipanga wewe. Kimo cha kuhamia kikiwa mm 5 na klempu yako ina urefu wa mm 20, utasikia mlio ambao hutausahau. Weka mm 25, inachelewesha sekunde chache tu.

Kwa mbao nyembamba dawa ni seloteki ya karatasi wanayotumia mafundi rangi: bandika moja kwenye mbao, nyingine kwenye meza, weka supagluu kati ya seloteki na seloteki, bana dakika moja. Inashika ajabu na ukimaliza inabanduka bila kuacha doa. Haishiki kwenye mbao yenye vumbi, futa kwanza. Skrubu nazo sawa, zipige pembeni sehemu utakayokata utupe, uzizamishe.

Ukiwa unakata kitu kizima kitoke, acha vishikizo, vidaraja vidogo vya mbao visivyokatwa, upana mm 5 na unene mm 1 na nusu hivi. Bila hivyo kipande kikishakatika kinakamatwa na biti kinarushwa. Kwangu kilipiga bati la baraza, mke wangu akadhani ni embe limedondoka.

10. Kwa nini watu wanachonga meza ya mashine yenyewe? Si wanaiharibu?

Ule sio meza, ni ubao wa kafara, kipande cha MDF kilichofungwa juu ya meza ili kiumie badala ya alumini. Unausawazisha kwa biti pana ili uwe sambamba na njia ya biti, hata kama fremu yako imelala kidogo. Usipofanya hivyo utachonga maandishi, upande wa kushoto yamezama mm 2, kulia hayaonekani.

11. Sifuri ya Z niweke juu ya mbao au chini?

Sifuri ni pale mashine inapoanzia kuhesabu vipimo. Maandishi na nakshi: juu. Kukata kitoke kabisa: chini, kwenye ubao wa kafara, ili unene wa mbao ukidanganya usikate meza. Mbao zetu za kuranda kwa mkono hazina unene mmoja, pima sehemu nne. Kwa kugusisha tumia kipande cha karatasi: shusha kwa hatua ya mm 0.1 mpaka karatasi ianze kukamatika. Ukishachagua juu au chini, chagua hivyohivyo kwenye softwea ya kuchorea. Biti nyingi zimekufa hapo.

## Biti na mwendo

12. Biti zipi ninunue kwanza?

Nne tu. Bapa ya mm 6 ya meno mawili, bapa ya mm 3.175 ya meno mawili, ya V ya nyuzi 60 kwa maandishi, na ya kichwa cha mviringo. Zile seti za vipande 40 kwenye kiboksi ni za kupigia picha.

Angalia shina: kuna mm 6 na kuna robo inchi ambayo ni mm 6.35, kwa macho ni mapacha. Ukilazimisha ya 6.35 kwenye koleti (kile kibanio kinachoshika shina la biti) ya 6 umeharibu koleti, ukiweka ya 6 kwenye koleti ya 6.35 inachomoka ikiwa inazunguka.

13. Niweke spidi ngapi?

Hesabu ni moja: mwendo = mizunguko kwa dakika × idadi ya meno × unene wa chembe ambayo kila jino linakula. Ruta inazunguka 18,000, biti ina meno mawili, kila jino lile mm 0.05, unapata 18,000 × 2 × 0.05 = mm 1,800 kwa dakika. Kwa 3018 yenye mizunguko 10,000 na biti ndogo, chembe mm 0.03, unapata 600. Hapo ni pa kuanzia, halafu unasikiliza.

Kina: kwa mninga nusu ya kipenyo cha biti kama fremu ni ngumu, yaani mm 3 kwa biti ya mm 6. Kwa mkora punguza. Kwa 3018 nilishasema, nusu milimita, ukijiamini moja.

Angalia kinachotoka. Zikitoka chembe kama za randa ndogo uko sawa, likitoka vumbi laini kama unga wa muhogo biti inasugua badala ya kukata.

14. Biti inatoa moshi na mbao inaungua. Nipunguze mwendo?

Wengi wanapunguza mwendo, inazidi kuungua. Ongeza mwendo au punguza mizunguko, kwa sababu joto linaondoka na chembe, na biti inayokaa sehemu moja inazunguka bila kula ni kama kusugua vijiti viwili. Kama ukifanya hivyo bado inaungua, biti imekufa makali au ina utomvu. Loweka kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, sugua kwa mswaki wa zamani.

15. Kila siku navunja biti za mm 3. Nakosea wapi?

Kwa mpangilio wa ninavyoona kwa watu: mbao ilihama (swali la 9), sifuri ya Z ilikosewa (11), kina kikubwa, biti imetokeza ndefu mno nje ya koleti. Shina liingie vya kutosha lakini lisigonge mwisho. Na koleti za aina ya ER zinabanwa kwanza ndani ya nati mpaka zilie tik, ndo nati ifungwe kwenye mashine. Ukiidumbukiza koleti peke yake kwanza, biti itazunguka imepinda na hutajua kwa nini.

16. Kingo za juu zinachanika manyoya manyoya.

Biti yako inavuta chembe kwenda juu, inainua na nyuzi. Kwa pita ya juu tumia biti inayoshindilia chini, au bandika seloteki ya karatasi juu ya mbao uchonge pamoja nayo. Kwa paini hata hivyo utapiga msasa, kubali.

## Umeme

17. Umeme ukikatika katikati ya kazi nimekwisha?

Hujakwisha, ila unachofanya dakika mbili za kwanza ndo kinaamua.

Kwanza kabisa zima swichi ya ruta na ya mashine. Ruta nyingi za mkono swichi yake inabaki imewashwa, umeme ukirudi inaanza kuzunguka yenyewe na biti iko ndani ya mbao na mkono wako uko hapo unashangaa. Kisha zungusha skrubu ya Z kwa mkono uinue biti. Mbao usiiguse, usifungue klempu hata moja, watoto wafukuze.

Umeme ukirudi, mashine haijui iko wapi. Kama una swichi za mwisho (zile zinazobonyezwa fremu ikifika ukingoni), iambie irudi nyumbani kwa $H, na GRBL inakumbuka ile sifuri ya kazi uliyoiweka kwenye G54 hata ikizimwa. Kama huna swichi, ndo maana mi kila kazi kabla sijaanza natoboa kitundu kidogo cha biti ya V pembeni kwenye sifuri ya X na Y, nikirudi naishusha biti kwenye kitundu kilekile. Halafu unafungua faili, unatafuta mstari ulipoishia, unarudi nyuma kidogo, unabakiza mistari ya mwanzo kama G21 (milimita), G90 (vipimo vyote kuanzia sifuri) na M3 (washa biti), unaipandisha Z juu kwanza, ndo unaendelea.

Kazi ndefu ikate vipande: faili la kwanza kukwangua, la pili kumalizia, la tatu kukata. Ikikatika unarudia kipande sio siku nzima. Na angalia salio la LUKU kabla. Nimeshawahi kulaumu mtaa mzima kwa kukatika umeme kumbe uniti zangu zimeisha, majirani wanaangalia tamthilia.

18. Inakula umeme sana? Na jenereta je?

Ruta ya wati 710, mota na bodi tuseme 300, ukiongeza vakyumu ya wati 1,200 unafika kama uniti 2.2 kwa saa ikiwa vyote vinafanya kazi kwa nguvu zote, na mara nyingi ruta haifiki huko. Anayekula ni vakyumu. Jenereta ndogo ya kuchajia simu na taa haiwezi kuwasha vakyumu na ruta kwa pamoja, washa kimoja baada ya kingine na hakikisha ina nafasi ya kutosha. Stebilaiza mi ninayo ya laptopu na bodi tu.

Kama mashine inasimama katikati wakati umeme upo, mara nyingi ni laptopu imelala (zima hiyo mipangilio) au chaji ya bomba la plastiki la vakyumu, vumbi likipita linajaza umeme tuli na USB inakatika. Pitisha waya wa shaba ulio wazi ndani ya bomba uufunge kwenye erthi, tumia kebo fupi nzito. Kwangu kesi iliisha hapo.

## Vipimo vinapokataa

19. Mduara unatoka kama yai.

Kuna kitu kimelegea. Skrubu ndogo ya kubania puli au kapla kwenye mota ndo mshukiwa wa kwanza, halafu belti, halafu nati ya skrubu ndefu imelika. Shika fremu, sukuma huku na huku kwa kila upande, utaisikia.

20. Kitu kimetoka kidogo sana, au kipimo kinapungua kidogo.

Kama ni kidogo mpaka unacheka, au mashine inataka kukimbia nje ya meza, faili ni la inchi na wewe umelisoma kama milimita au kinyume, tofauti ni mara 25.4. Hakikisha juu kuna G21.

Kama umeiagiza mm 100 ikaenda 98.5, piga hesabu: hatua za mota kwa milimita zilizopo sasa × 100 ÷ 98.5. Zilikuwa 400 zinakuwa 406.09. Lakini subiri kwanza, skrubu ya T8 inayosogea mm 8 kwa mzunguko na mota ya hatua 200 iliyogawanywa mara 16 inatoa 400 kamili kwa hesabu, kwahiyo ukikuta imepungua jiulize kama unapima vizuri au kuna kilicholegea. Ikienda nusu kamili au mara mbili kamili, ni vijampa vya kwenye bodi, vile vidude vya kuchomeka vinavyopanga mgawanyo wa hatua.

## Vumbi, vidole, majirani

21. Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haitoshi. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC kwenye kundi la kwanza, yaani vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga linawasha ngozi na kuna watu linawaletea pumu kabisa. Vaa N95 au FFP2, vuta vumbi kwa vakyumu pale biti ilipo, usipulize kwa mdomo. MDF mi nachongea nje tu upepo ukiwa unaelekea kusikokuwa na nguo za jirani.

22. Nivae glavu?

Hapana. Glavu ikishikwa na biti inavuta na mkono. Miwani ndiyo, kizibo cha masikio ndiyo, mikono mirefu inayoning'inia hapana. Na usiiache mashine peke yake ukaenda dukani, biti ikikwama inasugua sehemu moja mpaka cheche, na vakyumu inazibeba mpaka kwenye mfuko uliojaa vumbi kavu.

## Kazi zenyewe

23. Nataka kutengeneza mizinga ya nyuki, CNC itanisaidia?

Tabora bila asali sio Tabora, naelewa. Ila mwili wa mzinga ni mbao zilizonyooka, msumeno wa meza unamaliza mzinga mzima kabla wewe hujamaliza kuweka sifuri. Pale inapolipa ni kwenye vile vijiti vya juu, ambavyo kwa nyuki wetu vinatakiwa upana wa mm 32. Ukikosea wanajenga masega yanayounganisha vijiti na ukivuta unabomoa. Chonga kiolezo kimoja sahihi kwa CNC, vijiti vingine vyote ukate kwa msumeno kwa kufuata hicho. Mashimo ya kuingilia na jina la mwenye mzinga nayo sawa.

24. Bao je? Mashine yangu ni ndogo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane. Tuseme shimo lina kipenyo cha mm 60 na unaruka mm 68 kutoka katikati ya shimo mpaka katikati ya jingine, safu moja peke yake inapita nusu mita. Ligawe mara mbili: kila nusu mashimo manne kwa manne, inaingia kwenye mm 300 kwa 300, unaunga kwa bawaba na linakunjika la kusafiria. Kwangua kwanza kwa bapa ya mm 6, malizia kwa kichwa cha mviringo. Wenye 3018 mtageuza ubao katikati ya kazi, vitundu vya swali la 17 vitawasaidia.

Ile nyumba (shimo maalumu la bao) kama unaitaka ya mraba ujue biti ni ya duara, pembe za ndani zitabaki na mviringo. Hakuna softwea ya kuondoa hilo. Chukua patasi.

25. Naweza kuiga nakshi za milango ya zamani kama ile ya Tembe la Livingstone pale Kwihara?

Unaweza, kwa kipande kipande. Piga hesabu kabla: eneo la mm 300 kwa 400, biti inaruka mm 0.3 kila mstari, hiyo ni mistari 1,000 ya mm 400, jumla mm 400,000, kwa mwendo wa 1,500 kwa dakika ni karibu saa nne na nusu za pita ya kumalizia peke yake, bado kukwangua. Kwa mlango mzima ni siku na siku, na swali la 17 litakukuta humo ndani.

Ninachofanya mimi, mashine inakwangua na kuweka mistari mikuu ya ua na mnyororo, naacha kama milimita moja ya mwisho. Halafu nampelekea mzee mmoja wa Ng'ambo ambaye amechonga kwa mkono miaka yote, anamalizia kwa patasi kwa siku mbili. Mara ya kwanza aliangalia ule ubao wangu wa mashine, akapitisha kidole, akaniuliza kwa nini maua yote yanafanana.